Uzio mweupe haukuiokoa Bronx

Kila mji wa Marekani unapobaki na mitaa mitupu katikati yake, haichukui muda kabla hajajitokeza mtu na ramani ya nyumba ya chini yenye bustani mbele, maegesho ubavuni na uzio mweupe wa mbao. Detroit ilijenga mtaa mzima wa namna hiyo, Victoria Park, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Cleveland na Buffalo nazo zimejaza viwanja vitupu vya upande wa mashariki wa miji yao kwa nyumba ambazo ungedhani zimeng'olewa pembezoni mwa mji na kupandwa pale. Wakiulizwa wapi jambo hili limefanikiwa, watetezi wake hujibu bila kusita: Charlotte Gardens, mtaa wa nyumba za chini zenye bustani huko South Bronx, New York.

Ni kweli Charlotte Gardens ilifanikiwa. Shida ni kwamba wengi walioiiga waliiga sura ya nyumba, wakaacha vitu vilivyoifanya isimame. Tena deni la sura hiyo halikuonekana mwaka 1983. Linaonekana leo.

Tuanze na kilichoua mitaa ile. Bronx ilikuwa na wakazi 1,471,701 katika sensa ya mwaka 1970. Miaka kumi baadaye walibaki 1,168,972. Sababu zinajulikana: benki zilizokataa kukopesha mitaa ya watu weusi na Wapuerto Rico, barabara kuu ya Cross Bronx iliyopasua makazi, ajira za viwandani zilizoyeyuka, vituo vya zimamoto vilivyofungwa jiji lilipoishiwa fedha. Lakini jengo lenyewe pia lina namna yake ya kufa, na hiyo haisemwi vya kutosha. Ghorofa ya Bronx ya wakati ule ilikuwa na sakafu tano au sita, boila moja chini (tanuri linalochemsha maji ya kupashia jengo zima joto), paa moja juu na mwenye nyumba mmoja anayeishi kwingine. Mwenye nyumba akiacha kununua mafuta ya boila mwezi Januari, maji huganda kwenye mabomba na mabomba hupasuka. Flati zote zilizo kwenye mstari huo wa bomba hulowa kwa pamoja, wapangaji wanahama, na wezi wa shaba huingia kung'oa mabomba yaliyobaki. Baada ya hapo kinachosubiriwa ni moto, mara nyingine wa kuwashwa kwa ajili ya bima. Jengo la familia thelathini linaweza kuangushwa na uamuzi wa mtu mmoja kutolipia mafuta.

Rais Jimmy Carter alifika Charlotte Street, mahali ambapo baadaye Charlotte Gardens ingejengwa, tarehe 5 Oktoba 1977 akasimama katikati ya vifusi. Ronald Reagan alifika Agosti 1980, akiwa mgombea, akaonyesha kwamba hakuna kilichojengwa. Aliyekuja kujenga ni Ed Logue, aliyeongoza shirika la maendeleo la South Bronx. Huyu hakuwa mtu wa nyumba ndogo. Alikuwa amesimamia ujenzi mpya wa katikati ya Boston, kisha akaliongoza shirika la jimbo la New York lililojenga Roosevelt Island, kisiwa cha maghorofa marefu. Mtu wa historia hiyo kuchagua nyumba ya sakafu moja si jambo la kupita hivi hivi.

Alichagua hivyo kwa hesabu. Pale Charlotte Street hapakuwa na benki ambayo ingekopesha ghorofa la kupangisha, kwa sababu hapakuwa na mwenye nyumba ambaye ingemwamini wala wapangaji ambao ingewahesabu. Nyumba moja ya familia moja ina mita yake ya gesi na ya umeme, paa lake, na tanuri lake la joto. Ikiharibika, imeharibika peke yake. Mkopo wake ni mdogo na unafahamika na kila afisa wa benki nchini. Kwa upande wa wakazi alikuwapo Genevieve Brooks, ambaye mwaka 1974 alishiriki kuanzisha shirika la Mid-Bronx Desperadoes. Shirika hilo lilikuwa limeshasafisha viwanja, limewapanga majirani na kupigania fedha muda mrefu kabla ya nyumba ya kwanza kufika. Linapotajwa fanikio la Charlotte Gardens, jina hilo lingestahili kutangulia lile la uzio.

Nyumba zilitengenezwa kiwandani na kuletwa nusu nusu kwa malori kuanzia mwaka 1983. Kreni ilizishusha juu ya msingi uliokwisha jengwa, nusu mbili zikaunganishwa, paa likafungwa, mabomba na nyaya zikaungwa. Faida ya kiwanda katika mtaa uliovunjika ni kubwa kuliko bei yake inavyoonyesha. Nyumba ya kujengwa papo hapo hukaa wazi kwa miezi, na kila usiku madirisha, waya na vyombo vya bafuni huibwa. Nyumba ya kiwandani hufungwa milango siku ileile inapotua.

Hatari iko chini. Jengo la zamani lilipobomolewa, kifusi kilisukumwa kwenye handaki lake, yaani chumba cha chini ya ardhi, na kufunikwa udongo. Juu unaona majani, chini kuna matofali, mihimili ya mbao inayooza na matupu yasiyoonekana. Ukiweka msingi mwepesi juu ya kifusi cha namna hiyo, upande mmoja utazama na ukuta utapasuka kuanzia pembe ya dirisha. Inabidi uchimbe mpaka kwenye sakafu ya handaki la zamani, utoe kila kitu, uvunje sakafu ile ili maji yapite, ujaze changarawe tabaka kwa tabaka ukishindilia, ndipo uweke nguzo za msingi. Pia mabomba ya zamani ya maji taka yatafutwe na kuzibwa kabla ya kuunga mapya. Mkandarasi asiyeweka gharama hii kwenye bajeti hujikuta amemaliza fedha kabla ukuta haujaonekana. Kwa mtu anayepanga mradi wa viwanja vya aina hii, mashimo ya majaribio ndiyo fedha ya kwanza kutumia, kabla hata ya ramani.

Zilijengwa takriban nyumba 90, zikauzwa kwa dola 50,000 hivi kila moja. Bei hiyo ilikuwa chini sana ya gharama halisi, na pengo likazibwa na ruzuku. Pengo hili ndilo kiini cha mambo yote ya kujenga katika mtaa uliodhoofika. Chukua mfano wa hesabu tu: kujenga ni dola 110,000, lakini mthamini akitazama mtaa anaandika kwamba nyumba ina thamani ya 60,000. Benki hukopesha kwa thamani, haikopeshi kwa gharama. Itatoa asilimia 90, yaani 54,000, mnunuzi ataleta 6,000 yake, na dola 50,000 zinabaki hewani. Hakuna ramani nzuri inayofuta pengo hilo. Kinacholifuta ni ama ruzuku, ama kushusha gharama, ama kuinua thamani ya mtaa mzima kwa mkupuo. Nyumba moja moja iliyotupwa kati ya viwanja vitupu haiinui thamani yoyote, kwa hiyo pengo hubaki lilelile kwa nyumba ya kwanza na kwa nyumba ya mia.

Hapo ndipo Brooklyn ilipoipita Bronx. Katika miaka hiyohiyo, makanisa ya East Brooklyn yaliyojiunga chini ya mwavuli wa Industrial Areas Foundation, mtandao wa kuwapanga wananchi, yalianzisha mradi wa Nehemiah huko Brownsville, mtaa uliokuwa umeteketea vilevile. Mjenzi wao, I. D. Robbins, alishikilia kwamba nyumba ijengwe kwa safu, ukuta kwa ukuta, mtaa mzima kwa wakati mmoja. Kila nyumba ilikuwa na upana wa futi 18 na kina cha futi 32, yaani mita 5.5 kwa 9.8, sakafu mbili juu ya handaki. Ramani ilikuwa ile ile kila mahali, na hapakuwa na mapambo.

Tazama vipimo hivyo kwa karibu. Nyumba ya mita 5.5 kwa 9.8 ikisimama peke yake ina mita 30.6 za ukuta wa nje. Ikiwa katikati ya safu, ina mita 11 tu, mbele na nyuma. Ukuta wa nje ndio ghali: una matofali au vinili, kizuia joto, madirisha na plasta. Ndio pia unaopoteza joto majira ya baridi, na mwenye nyumba hulipia kila mwezi kwa maisha yake yote. Kadhalika bomba la maji na la maji taka mbele ya nyumba: kwa kiwanja chenye upana wa mita 5.5, kila familia inabeba mita 5.5 za bomba la barabarani. Kwa kiwanja cha mita 18, inabeba mita 18. Fundi naye hujifunza. Timu ya bomba inayofunga bafu lilelile kwa mara ya mia haipimi tena.

Fedha zao zilipangwa kwa ustadi uleule. Makanisa, likiwemo jimbo Katoliki la Brooklyn, yalichangisha mamilioni ya dola na kuyaweka kwenye mfuko wa kuzunguka usiotoza riba. Mfuko unamlipa mjenzi. Mnunuzi akipata mkopo wa nyumba, fedha inarudi mfukoni na kujenga nyumba inayofuata. Jiji lilitoa ardhi, na kwa kila nyumba likatoa mkopo wa dola 10,000 usio na riba, unaorudishwa nyumba inapouzwa. Shirika la mikopo ya nyumba la jimbo likatoa mikopo kwa riba ya chini ya asilimia 10, wakati soko lilikuwa likitoza karibu 13. Kwa mkopo wa dola 40,000 wa miaka 30, tofauti ya asilimia 10 na 13 ni kati ya kulipa dola 351 kwa mwezi na kulipa 442. Kwa karani wa hospitali au dereva wa basi wa mwaka 1984, dola 91 kwa mwezi ndizo zilizoamua nani ananunua na nani anabaki mpangaji. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 nyumba zaidi ya 2,000 zilikuwa zimejengwa.

Basi tukiuliza nini kiliifanya mitaa hii miwili isimame, jibu liko wazi: watu waliojipanga kabla ya ujenzi, wanunuzi waliochujwa na kufundishwa kuhusu mkopo na matengenezo, eneo moja lililoungana badala ya viwanja vilivyotawanyika, na fedha zilizoshusha malipo ya mwezi. Uzio haumo. Nyumba ya Brownsville haikuwa na bustani ya maana na bado ilisimama.

Sasa deni. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Kwa kiwanja cha mita za mraba 560, kipimo cha kawaida cha nyumba ya pembezoni mwa mji, ekari hubeba nyumba saba. Kwa safu za Nehemiah, kiwanja cha mita 5.5 kwa 30.5, hubeba 24. Kwa nyumba ya sakafu tatu yenye flati tatu kwenye kiwanja cha futi 20 kwa 100, kitu ambacho Brooklyn na Bronx zimekuwa zikijenga kwa zaidi ya karne, hubeba 63, na hakuna lifti hata moja. Jengo la Via Verde lililofunguliwa South Bronx mwaka 2012 lina makazi 222 kwenye ekari moja na nusu.

Kumbuka Charlotte Gardens iko wapi. Treni za namba 2 na 5 zinapita Southern Boulevard, mwendo mfupi kwa miguu, zikienda Manhattan moja kwa moja. Njia hiyo ya reli ilijengwa kwa fedha nyingi ili kubeba umati, na pembeni yake tumeweka nyumba zisizozidi saba kwa ekari. Nyumba saba kwa ekari ni kiwango ambacho wataalamu wa mipango ya usafiri wa New York, tangu miaka ya 1970, wamekihesabu kuwa cha chini kabisa kwa basi la kila nusu saa. Duka nalo halitaki maelezo marefu. Duka la vyakula huishi kwa kaya zinazoweza kufika kwa miguu zikiwa na mifuko mkononi. Kaya tisini haziliweki duka hai, kwa hiyo gari linakuwa lazima, na gari likiwa lazima, kila nyumba inataka maegesho.

Na maegesho ndiyo sehemu ambapo hata Nehemiah ilikosea. Kila nyumba ilipewa nafasi ya gari mbele ya mlango. Ili gari liingie, ukingo wa barabara hukatwa kama mita tatu. Mita hizo tatu, pamoja na nafasi ya kugeuza, zinaua nafasi moja ya kuegesha barabarani iliyokuwa ya kila mtu. Mwenye nyumba amepata nafasi moja, mtaa umepoteza moja, jumla ni sifuri. Njiani kumepotea mti, maji ya mvua hayanyonywi tena na udongo, na mtoto anayetembea kwenda shule anavuka njia ya kuingilia gari kila mita tano na nusu. Mbele ya nyumba, mahali pa ngazi za kukaa jioni na kuangalia mtaa, panakaa bampa la gari. Ukibadilisha jambo moja tu katika ramani za aina hii, badilisha hilo: gari libaki barabarani, au liingie kwa uchochoro wa nyuma.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni nzito. Mwaka 1983 hakuna aliyekuwa akigombania ardhi ya Charlotte Street. Kumwambia mtu aliyezungukwa na vifusi kwamba anatumia ardhi kwa ubadhirifu kungekuwa ukatili. Nyumba zile pia zilifanya kazi ambayo takwimu haziipimi: ziliwaonyesha benki na jiji kwamba familia za Bronx zitanunua, zitalipa na zitabaki. Zimelipa pia kwa maana ya fedha, maana zinauzwa leo kwa mamia ya maelfu ya dola, na utajiri huo uko mikononi mwa familia ambazo mfumo wa mikopo ulikuwa umezifungia nje. Bila ushahidi huo, mpango wa makazi wa Meya Ed Koch wa katikati ya miaka ya 1980, uliotenga zaidi ya dola bilioni 4 kukarabati maelfu ya maghorofa yaliyotelekezwa, ungepita kwa shida zaidi.

Lakini soko lililokufa hudumu miaka kumi au ishirini, na mgawanyo wa viwanja hudumu karne. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 1,472,654 Bronx. Wamerudi wote, na zaidi. Wamekuta kodi za pango zisizolipika, na karibu na reli wamekuta mtaa ambao hauwezi kuwapokea. Hakuna anayependekeza kuwahamisha wenye nyumba, wala isipendekezwe. Ardhi imefungwa.

Kilichopaswa kujengwa kilikuwepo hata wakati ule: nyumba ya safu yenye familia mbili au tatu, mwenye nyumba akiishi chini na kupangisha juu. Inabaki na sifa zote alizozitaka Logue: mlango wa ardhini, mita za kila flati, hakuna lifti, hakuna boila la familia thelathini, na mwenye nyumba anayelala chini ya paa lilelile linalovuja. Juu ya hayo, benki kwa kawaida huhesabu asilimia 75 ya kodi inayotarajiwa kama kipato cha mnunuzi, hivyo familia ya kipato cha chini inafuzu. New York ilijenga nyingi za aina hii kupitia ubia wa jiji na wajenzi binafsi. Zina hatari zake. Mnunuzi anakuwa mpangishaji bila kujua sheria ya upangaji, na mpangaji akikwama miezi mitatu, mkopo unakwama. Katika mgogoro wa mikopo wa mwaka 2008 nyumba hizi ziliumia sana. Kwa hiyo mafunzo ya kupangisha na akiba ya miezi sita ya malipo yawe masharti ya kununua, si mapendekezo.

Detroit na Buffalo ni kesi nyingine. Detroit ilikuwa na watu 1,849,568 mwaka 1950 na 639,111 mwaka 2020. Huko ardhi haitakwisha katika uhai wetu, na kiwanja kipana si dhambi. Benki ya ardhi ya jiji, yaani shirika linaloshika viwanja vilivyotelekezwa, imewauzia majirani viwanja vya ubavuni kwa dola 100, na hilo ni jambo la busara. Kosa la huko ni kutawanya: nyumba mpya moja hapa, nyingine mitaa minne mbele, kila moja ikiwa na ruzuku yake, wakati fedha hizohizo zingejaza pande mbili za mtaa mmoja kuanzia kona hadi kona na kumpa mthamini kitu cha kulinganisha.

Kwa Charlotte Gardens yenyewe bado kuna njia ndogo. Desemba 2024 baraza la jiji la New York lilipitisha mageuzi ya kanuni za ardhi yanayoruhusu, kwa masharti, makazi ya ziada kwenye viwanja vya nyumba za familia moja na mbili. Viwanja vya pale vina nafasi ya kibanda cha kuishi uani, na nyumba zina mahandaki. Uani ndiko kwa kuanzia. Handaki linahitaji njia ya pili ya kutokea, dirisha la kutosha kupita mtu, urefu wa dari unaokubalika na kizuizi cha maji taka yasirudi nyuma kwenye bomba, na hayo hayarukwi kwa kuogopa bei: mvua za kimbunga Ida Septemba 2021 ziliwaua watu kwenye flati za mahandaki jijini humohumo. Mwenye nyumba mzee aliyekwisha lipa mkopo hana dola za kujenga kibanda, na benki haitamkopesha kwa pensheni pekee. Anahitaji mfuko wa kuzunguka kama ule wa makanisa ya Brooklyn, unaolipwa kwa kodi ya mpangaji, na shirika la mtaa la kumshika mkono kwenye vibali na kwa mkandarasi.